Kiangazi cha Wajukuu katika Nyumba ya Watu Wawili

Nyumba ya wastaafu wawili hujipanga yenyewe kidogo kidogo kwa miaka. Dawa hukaa mezani kwa kuwa hakuna mkono mdogo wa kuzifikia, friji huwa nusu tupu, na njia ya kwenda msalani usiku mguu unaijua hata gizani. Likizo ya kiangazi ikifika, watoto wetu wanaingia na wenzao na wajukuu, na kufikia jioni hakuna kilichobaki mahali pake. Naandika haya katika siku za kuanika magodoro na kupiga deki vyumba vilivyokuwa vimefungwa. Naamini kabisa kwamba ugeni wa familia huharibiwa na lita za maji, joto na saa za kulala mara nyingi kuliko unavyoharibiwa na mioyo ya watu. Upendo upo wa kutosha, kwa hiyo tuanze na maji.

Bomba la mvua la kawaida hutoa lita 8 hadi 10 kwa dakika, maana yake anayeoga dakika kumi ametumia karibu lita 100. Tangi la choo la zamani humwaga lita 9 au zaidi kila linapovutwa, la kisasa lita 6 au pungufu. Mashine ya kufulia hunywa kama lita 50 kwa mzigo mmoja. Wazee wawili wasio na papara wanaweza kuishi vizuri kwa lita 200 kwa siku. Waongeze watu sita, wawili wao wakiwa vijana wanaopenda kuoga mara mbili, na lita 800 zitakwisha bila mtu yeyote kufanya kosa. Tangi la lita 1,000 lililokuwa likikaa siku tano halitamaliza siku mbili. Kuwakemea watoto hakusaidii. Kinachosaidia ni kugawa zamu, wengine waoge asubuhi na wengine jioni, maji yafungwe wakati wa kujipaka sabuni, na nguo zifuliwe mzigo mmoja kila siku badala ya kulundikwa hadi Jumamosi.

Huo mzigo mmoja kwa siku unalinda pia karo la maji machafu, ambalo hakuna anayelikumbuka mpaka linuke. Ndani ya karo, uchafu mzito hutua chini na mafuta huelea juu, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda kwenye shimo la kunyonya. Kutua huko kunahitaji utulivu na muda. Maji ya watu wanane yakiingia kwa mkupuo, tope linachukuliwa kabla halijatua, linakwenda kuziba udongo wa shimo, na udongo ulioziba ni kazi kubwa kuufungua. Kama tope limefika theluthi moja ya kina cha karo, livutwe kabla ya wageni. Vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto, hata vile vilivyoandikwa kuwa vinafaa kutupwa chooni, viwekewe ndoo yenye mfuniko msalani. Haviyeyuki kama karatasi. Na mfuniko wa chemba ukaguliwe: kama mtoto anaweza kuuinua au umepasuka, uzibwe siku hiyohiyo.

Chumba cha wageni kilichofungwa kwa miezi kina maji yaliyolala kwenye mabomba. Bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia kali hasa kwa wazee na wavutaji sigara, huzaliana kwenye maji yaliyotuama yenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45. Fungulia kila bomba la chumba hicho dakika tano au zaidi, moto na baridi, kabla mtu hajaoga. Kichwa cha bomba la mvua kivishwe mfuko wa kitambaa wakati huo ili usivute ule mvuke wa matone, maana hatari iko kwenye kuvuta pumzi. Hita ya maji huwekwa nyuzi 60 kwa sababu hiyohiyo ya bakteria, lakini maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Dawa yake ni kuwekewa vali ya kuchanganya maji ya moto na baridi ili maji yanayofika bombani yasipite nyuzi 49. Pasipo vali hiyo, beseni la mtoto lianze na maji baridi, ya moto yaongezwe baadaye, na kiwiko cha mkono kipime kabla mtoto hajaingia. Beseni likishatumika limwagwe papo hapo. Mtoto mdogo huzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache, bila kelele.

Sasa friji, ambayo ninaiona ndiyo moyo wa ugeni wote. Ikishajazwa mpaka mlango unasukumwa kwa goti, hewa baridi haizunguki tena. Rafu za mbele na mlangoni zinapanda joto, huku ukuta wa nyuma, penye tundu la hewa, ukigandisha chochote kilichosukumwa kuugusa. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa kisukari hapo pana hatari isiyoonekana. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda inaharibika hata kama imeyeyuka na kuonekana safi. Mgeni mwenye nia njema anasogeza kile kisanduku kidogo nyuma ili apate nafasi ya sufuria, na kwa wiki nzima sukari ya babu haishuki, hakuna anayejua kwa nini. Insulini ipewe chombo chake chenye mfuniko na jina, ikae rafu ya katikati mbali na ukuta wa nyuma, na kila anayeingia jikoni aambiwe kisiguswe. Ile inayotumika sasa inaweza kukaa nje chini ya nyuzi 30 kwa takriban siku 28, kutegemea aina, lakini jiko la kiangazi mara nyingi linapita hapo.

Kipimajoto cha friji kinauzwa kirahisi. Kiweke ndani ya glasi ya maji rafu ya katikati, ukisome asubuhi kabla mlango haujaanza kufunguliwa. Kikionyesha zaidi ya 5, punguza vitu. Vinywaji vya watoto ndivyo vya kwanza kutoka, vikae kwenye boksi la barafu nje, maana ndivyo vinavyofungulisha mlango kila dakika. Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili, na siku ya joto la zaidi ya nyuzi 32 saa moja tu. Sufuria kubwa ya mchuzi isiingizwe nzima, kwani katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Igawe kwenye vyombo vifupi, kina kisichozidi sentimita 5. Wali una adabu yake ya pekee: vijidudu vyake huacha mbegu zinazovumilia kuchemshwa, na wali uliolala nje huweza kuwa na sumu isiyoondoka hata ukipashwa moto tena.

Dawa za wazee ni jambo la kushughulikia kabla gari la wageni halijaingia getini. Kile kisanduku chenye vyumba vya siku za wiki kimetengenezwa kifunguke kwa vidole vyenye yabisi, hivyo vidole vya mtoto wa miaka miwili vinakifungua bila taabu. Kidonge kimoja cha glibenclamide, dawa ya kisukari, kinaweza kushusha sukari ya mtoto kwa saa nyingi na kwa kuchelewa, baada ya wazazi kuamini yuko salama. Dawa za presha za kundi la amlodipine na nifedipine ni hatari vilevile, na vidonge vya madini ya chuma vinafanana na peremende. Kabati la juu peke yake halitoshi, kwa kuwa watoto wanapanda viti, kufuli linahitajika. Na mikoba ya wageni itundikwe juu, bibi wa upande wa pili naye ana vidonge vyake.

Zipo pia betri bapa za duara, zile zinazotumika kwenye rimoti, mizani ya jikoni na taa ndogo. Ile ya volti 3 yenye upana wa milimita 20 ikikwama kwenye umio huanza kuunguza nyama kwa mkondo wa umeme na kuleta majeraha makubwa ndani ya saa mbili. Mtoto anaweza kuonyesha kukohoa na udenda tu. Usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, na kama ana zaidi ya mwaka mmoja na anaweza kumeza, asali vijiko viwili vya chai kila dakika kumi njiani hupunguza kuungua, isizidi mara sita. Asali isicheleweshe safari. Kabla ya ugeni, zungusha utepe wa gundi kwenye kila mfuniko wa rimoti usio na skurubu.

Kwa upande wa joto, mwili wa mzee na wa mtoto mchanga hudanganya. Mzee hasikii kiu kama zamani, jasho limepungua, na dawa za kutoa maji mwilini zinaendelea na kazi yake. Shirika la Afya Duniani hushauri chumba kisizidi nyuzi 32 mchana na 24 usiku, hasa kwa wenye zaidi ya miaka 60. Madirisha na mapazia ya upande wa jua yafungwe asubuhi, yafunguliwe hewa ya nje ikishakuwa baridi kuliko ya ndani. Feni husaidia, lakini joto likifika nyuzi 40 inakupulizia moto tu. Nimependa utaratibu wa kumpa mjukuu mmoja cheo cha mtunza maji: kila saa anawaletea babu na bibi glasi ya mililita 200, anaweka alama kwenye karatasi. Mtoto wa miaka saba anaifanya kazi hiyo kwa uaminifu usioupata kwa mtu mzima. Mwenye moyo dhaifu aliyepangiwa kiasi cha maji, afuate cha daktari wake. Mzee akianza kuchanganya maneno na mwili ukiwa wa moto, hicho ni kiharusi cha joto: piga simu ya dharura, mloweshe maji, mpepee, weka vitu vya baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena.

Presha ya wazee wengi hushuka baada ya mlo mkubwa. Mlo wa mchana wa familia ndio huo, mrefu na mzito, na kisha mtoto analia chumbani na bibi anasimama kwa haraka. Akae kwanza ukingoni mwa kiti, achezeshe miguu, ndipo asimame. Mjukuu wa miaka miwili ana kilo kama 12. Asiinuliwe kutoka sakafuni kwa kuinama na kujipinda, kwani uti wa mgongo uliopungua madini huvunjika hivyo. Kaa, mwache apande mapajani mwenyewe. Usiku, njia ya kutoka kitandani hadi msalani ibaki wazi bila godoro, begi wala waya wa chaja, na taa ndogo iwake sakafuni.

Wazee wengi tunaogopa kusema kwamba tunachoka. Anayevaa shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, huchoka zaidi, kwa kuwa kifaa kinakuza feni, televisheni na sauti tano kwa pamoja. Mkalishe mgongo ukielekea ukuta, televisheni izimwe wakati wa kula, na utaona akirudi kwenye mazungumzo. Saa za utulivu, tuseme saa nane hadi saa kumi mchana, zisemwe kwa simu kabla ya safari. Kila mzazi amweleze mwanawe, naye amweleze mwenzake. Mkwe akiambiwa papo hapo mbele ya watoto ataona anasemwa. Mkisema mapema ni ratiba, mkisema siku ya nne mmeshachoka, ni lawama.

Wakishaondoka, kabla ya kufua mashuka, inua mito yote ya makochi na upapase chini ya vitanda kutafuta vidonge na betri, maana wajukuu wa upande wa mtoto wako mwingine wanaweza kuja wiki ijayo. Hesabu dawa zako zilizobaki ulinganishe na siku zilizopita. Ugeni hufanya dozi za jioni zisahaulike, na mwenye presha aendelee kupima kila asubuhi kwa wiki moja, vipimo vyote aviandike na kuvipeleka kliniki.