Kurasa mbili tupu

Nimetoka shuleni sasa hivi, vidole bado vina rangi.

Mnaonifahamu mnajua: nachora na kuandika vitabu vya picha vya watoto, na shule zikinialika nakwenda kuwafundisha kutengeneza vyao.

Karatasi moja ya A4. Kunja mara tatu, kunjua, kata mkato mmoja katikati, kunja upya. Kitabu cha kurasa 8, bila gundi wala pini!

Nikawaambia vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, maana kiwandani karatasi kubwa hukunjwa ikatoa kurasa kwa mafungu ya 8 au 16. Basi wakavamia kabati la vitabu kuhesabu. (Mwalimu, nisamehe kwa zile kelele.)

Binti mmoja mkimya aliandika kuhusu paka aliyepotea. Ukurasa wa 4 na wa 5, hakuna kitu.

“Mbona hapa hujachora?”

“Hapo bado wanamtafuta.”

Akaendelea kupaka rangi jalada, hata hakuniangalia.

Mimi nimesimama tu. Miaka yote hii najaza kila kona ya ukurasa, sijawahi kuthubutu hivyo.

Nyie je, kitabu chenu cha kwanza cha kujitengenezea kilihusu nini? Nisimulieni, na picha kama mnazo.