Yakobo na ile asubuhi ya pili

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii someni Mwanzo 32 kuanzia mstari wa 22, ila msiishie pale Penieli, Yakobo aliposhindana mieleka usiku kucha na yule mtu wa Mungu, kama tulivyozoea, Yakobo kabarikiwa, amina, tunaenda nyumbani. Endeleeni na sura ya 33. Mtu kateguliwa nyonga usiku, jua linachomoza anachechemea, na kaka yake Esau, anayemwogopa, huyo anakuja na watu 400! Mstari wa 3 unasema akainama mpaka chini mara saba. Mara saba jamani, na nyonga ile. Mliowahi kuvunjika nyonga mnanielewa, hata kijiko kikianguka unakiangalia tu.

Mimi niliteleza uani, sio ajali ya maana, sakafu imelowa basi, mifupa ya umri huu haisubiri kusukumwa. Nikafanyiwa oparesheni wakaniwekea nyonga bandia, kesho yake tu mtu wa mazoezi anakuja eti mama tusimame, nikajua ananitania, kumbe kulala ndio hatari yenyewe, damu inaganda mguuni, kifua kinajaa, mgongo unatoka vidonda. Akanifundisha na ngazi: kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza mgonjwa. Halafu marufuku zake sasa, usikae kwenye kigoda, usikunje nne, usichuchumae. Choo chetu ni cha kuchuchumaa na jiko letu ni la mkaa, sasa utaishije? Mwanangu akachukua kiti cha plastiki akakikata tundu katikati akaniwekea chooni, na jiko tukalipandisha juu ya matofali. Maisha yakaendelea.

Hayo unazoea. Kazi ipo kwenye kuhudumiwa. Mkwe wangu anapiga magoti ananivalisha soksi na viatu, maana mwenyewe siruhusiwi kuinama mpaka huko, na mimi macho nayapeleka dirishani. Ndio nikamwelewa Petro kwenye Yohana 13, anakataa katakata Yesu asimnawishe miguu, mpaka anaambiwa basi hatakuwa na sehemu naye. Sisi kina mama wa kushika mwiko kwenye kila msiba na kila harusi ya usharika tuna kiburi chetu, kimevaa kitenge tu hakionekani.

Rudini kwa Yakobo, 33:14, anamwambia kaka yake tangulia, mimi nitakuja polepole kwa mwendo wa mifugo na watoto. Nyonga hakuitaja, nahisi ilikuwemo humohumo. Lakini Esau anapotaka kumwachia watu wamsaidie njiani anakataa, na hapo mimi na Yakobo tunaachana. Wapokee baba! (Na huko Seiri kwa Esau alikoahidi kwenda hakufika, akaishia Sukothi, hiyo tutaiongea siku nyingine.) Napenda Waebrania 11:21 wanavyomkumbuka uzeeni, anawabariki wana wa Yusufu na anaabudu ameegemea fimbo yake. Kwahiyo kanisani mkiambiwa tusimame mkaniona nimekaa na gongo langu, msinionee huruma na wala msininyanyue, naabudu.

Mwenye mgonjwa wa nyonga nyumbani amsaidie mazoezi hata kama analia kidogo, na njia ya chooni usiku iwe na taa, mikeka na makapeti yatolewe.

Alhamisi maombi ya kina mama ni hapa kwangu saa kumi. Mlango sukumeni tu, msisubiri nifungue. Sukari ipo kabatini juu, chai mtapika wenyewe na mimi nitaletewa.