Siku moja maishani mwangu: kiongozi wa mahujaji Yerusalemu

Watu wakiona picha za msafara husema, "Wewe unalipwa kutalii." Anayeongoza mahujaji hatalii. Maelezo ya historia hutolewa na mwongozaji mwenyeji mwenye leseni, ndivyo sheria ya Israeli inavyotaka. Yangu ni kutafsiri, kuhesabu watu, kulinda muda, na kujua choo kiko wapi. Siku ya Yerusalemu ndiyo nzito kuliko zote.

Saa 10 alfajiri. Tunalala Bethlehemu kwa sababu bei za hoteli zake ni nafuu. Nachomoa redio ndogo za masikioni kwenye chaji na kuzijaribu moja moja, maana mwenye redio iliyozimika hamsikii tena mwongozaji pale tunapokata kona sokoni.

Saa 12 kamili basi linaondoka. Mara nyingi basi la wageni hupita upesi kwenye kizuizi cha askari cha kuingilia Yerusalemu, ila askari akipanda atataka pasipoti, na pamoja nayo kile kikaratasi cha bluu cha uwanja wa ndege, kwa kuwa pasipoti yenyewe haigongwi muhuri. Kikaratasi hicho ndicho hupotea. Kibaneni kwa klipu nyuma ya pasipoti tangu siku ya kwanza.

Msafara wa watu 40 naugawa katika jumuiya nne za watu kumi kumi, kila moja na mwenyekiti wake. Yeye anahesabu wake, ananitajia namba tu. Vitenge vya sare vinasaidia sana, kwani ukihesabu vichwa peke yako katikati ya umati utawajumlisha hata Wafilipino wa msafara mwingine.

Saa 2 tuko juu ya Mlima wa Mizeituni. Njia ya kushukia Gethsemane ni mteremko mkali, na mawe yake yakilowa yanateleza. Hapa huwa na mazungumzo magumu na wazee wenye magoti mabovu. "Mwanangu, nimedunduliza miaka yote hii nije nikae kwenye basi?" Nawaeleza taratibu: bibi, basi litakushusha chini na tutakukuta pale pale, mteremko huu ukimaliza nguvu zako, ngazi za Kalvari utazipanda na nini? Wengi wanakubali.

Saa 3 na nusu ni Misa Gethsemane. Nafasi huombwa mapema kwa Wafransisko, watawa wa Kikatoliki wanaolitunza kanisa hilo, na padre awe na barua ya utambulisho kutoka jimboni kwake. Tukichelewa hatufidiwi muda, kundi linalofuata linakuwa limeshafika mlangoni. Kanisa hili la mwaka 1924 lina madirisha ya zambarau yanayolifanya kuwa na giza mchana kweupe, na mbele ya altare kuna mwamba mtupu ambapo watu hupiga magoti. Nje kuna mizeituni minane iliyozungushiwa uzio. Kila msafara huuliza kama ndiyo ile ile aliyoiona Bwana. Nasema ukweli: mbao za mitatu kati yake zilipimwa na kukutwa ni za karne ya 12, na vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa yote minane ilitoka kwenye mti mzazi mmoja. Hakuna aliyewahi kupungukiwa imani kwa jibu hilo. Majani hayachumwi.

Tunaingia kwa Lango la Simba hadi kanisa la Mtakatifu Anna. Mwangwi wake unaifanya hata kwaya ya watu wachache isikike kama ya kanisa kuu, kwa hiyo lazima tuimbe. Vyoo vipo, namsihi kila mtu aende, hata asiyejisikia.

Njia ya Msalaba inapita sokoni. Vituo tisa viko njiani, vitano vya mwisho ndani ya kanisa la Kaburi Takatifu. Mikokoteni inapita, wauza skafu wanaita, nasi tunasali. Mwenyekiti mmoja anatangulia, mmoja anafunga mkia. Anayesimama kuuliza bei ndiye atakayepotea.

Kisha foleni ya Kaburi. Hapa saa haina maana tena. Kanisa linatumiwa na madhehebu sita, kila moja na ratiba yake. Ibada ya wengine ikianza, foleni inasimama na hakuna wa kulalamikiwa. Msimu ukichanganya unangoja saa moja, mbili, umesimama juu ya sakafu ya mawe. Makundi mengine yanajipenyeza. Mkishikana mabega hapiti mtu. Mkiacha nafasi ya hatua moja, watu kumi wameshaingia. Maji yamekwisha, njaa inauma, na mtu anaanza kuninong'oneza, "Kwani lazima?" Sikasiriki. Wakati huo nazunguka na pipi kwa wenye kisukari ambao sukari imewashuka na kumtafutia mama mmoja ukingo wa kukaa huku wenzake wakimshikia nafasi.

Asiyeweza kusimama kabisa nampeleka nyuma ya kijumba cha Kaburi, kwenye altare ndogo ya Wakopti, Wakristo wa Misri. Mara nyingi mtawa wake humruhusu mtu kuugusa mwamba chini yake. Wengi wanaondoka Yerusalemu bila kujua mahali hapo.

Ndani ya kijumba kuna vyumba viwili. Mlango wa chumba cha pili ni mfupi, inama hasa. Wanaingia wachache wachache, na mnakaa sekunde chache tu kabla ya mtawa kuwaita mtoke. Ndiyo maana rozari ziwe mkononi tangu nje, katika kifuko kimoja. Aliyeanza kufungua zipu ya mkoba ameshamaliza muda wake. Mwambieni Bwana lile neno moja mlilolibeba kutoka nyumbani. Usiinue simu.

Chakula cha mchana tunakila jioni: falafeli, saladi, mkate. Swali la ugali halikosekani.

Usiku, redio zinarudi kwenye chaji, namsikiliza mwenye presha, namfungia bandeji mwenye malengelenge. Kisha naandika kwenye kundi la WhatsApp kuhusu kesho, Mto Yordani: kanzu nyeupe, ndala, taulo. Msinyoe leo usiku, maana baadaye tunaingia Bahari ya Chumvi na kila mkwaruzo utawaka. Basi saa 1 kamili.