Siku moja na wanakondoo wanaokua: pumba kiasi gani, nyasi kiasi gani

Saa 12:15 asubuhi. Chakula hakijabebwa bado. Kwanza naangalia kinyesi. Vidonge vigumu vilivyoachana, sawa. Kikiwa laini na kinanuka uchachu, pumba za leo (yaani mchanganyiko wa pumba za mahindi na mashudu) zinapunguzwa nusu na nyasi ndefu zinaongezwa. Halafu napima mabaki ya horini: nyasi zibaki kama sehemu moja ya kumi, pumba zisibaki kabisa.

Kundi ni wanakondoo 20, chotara wa Dorper (aina ya kondoo wa nyama) walioachishwa kunyonya, wastani kilo 20 kila mmoja. Ni Dodoma, kiangazi, nyasi za porini zimekauka.

Saa 1:00. Nyasi kavu hutangulia. Mwanakondoo mwenye njaa akikuta pumba kwanza huzibugia, wanga unachacha haraka tumboni, asidi inapanda na anaacha kucheua. Nyasi zinamfanya acheue, na mate yake ndiyo yanayopunguza hiyo asidi. Nyasi nazikata sentimita 3 hadi 5. Ukizisaga unga zinakuwa pumba nyingine tu, hata kama kwenye karatasi zina nyuzinyuzi nyingi.

Saa 2:00. Pumba, nusu ya mgawo: kilo 4.5 kwa kundi zima. Hori liwe na nafasi ya sentimita 30 kwa kila mmoja, la sivyo wababe wanakula mara mbili na wanyonge wanakosa. Anayeharisha mara nyingi ni yule mnene.

Saa 4:00. Kuchanganya, na hapa ndipo wengi wanakosea kwa kupima kwa ndoo. Ndoo ya pumba na ndoo ya mashudu hazina uzito mmoja. Tumia mizani. Kwa kilo 100: pumba za mahindi 52, mashudu ya alizeti 45, chokaa ya mifugo 1.5, madini ya kondoo 1, chumvi 0.5. Vile vidogo vitatu vichanganye kwanza na kilo 5 za pumba, ndipo uvitandaze juu ya rundo na kugeuza kwa sepeto mara nne. Mashudu yenye ukungu yatupwe, yanaweza kuwa na sumukuvu. Madini ya ng'ombe, nguruwe au kuku usiyaguse: shaba yake inajilimbikiza kwenye ini la kondoo hadi imuue. Chokaa nayo si ya kuruka. Pumba na mashudu vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na dume akila hivyo muda mrefu hupata mawe ya mkojo. Lengo ni kalsiamu mbili kwa fosforasi moja.

Hesabu yenyewe: asilimia 4 ya kilo 20 ni kilo 0.8 za chakula kikavu kwa siku, nusu pumba nusu malisho. Kwa kuwa hata chakula kikavu kina unyevu kidogo, kila nusu inakuwa gramu 450 hivi kwenye mizani. Mchanganyiko huu una protini karibu asilimia 17. Nyasi za kiangazi zina 6 tu, kwa hiyo malisho hayawezi kuwa nyasi peke yake: nusu nyasi, robo majani makavu ya karanga, robo majani makavu ya lusina (mti wa malisho). Jumla inafika kama 14, inayotosha umri huu. Lusina isizidi hapo sana, ina sumu iitwayo mimosini inayonyofoa manyoya.

Saa 6:30. Wamelala kivulini. Angalau nusu yao wawe wanacheua. Maji yawepo muda wote. Bila maji hawali.

Saa 10:00. Nyasi tena, kisha kilo 4.5 zilizobaki. Wageni zizini hawapati mgawo huu. Wanaanza na gramu 100 kwa siku, wanaongezewa 50 kila baada ya siku mbili au tatu, na chanjo ya ugonjwa wa sumu ya utumbo iwe imetolewa mapema.

Saa 12:00 jioni. Malisho ya usiku, sehemu kubwa zaidi ya siku. Mvua zikija, nyasi mbichi zitahitaji uzito mara nne hivi kuchukua nafasi ya hizi kavu.

Jumamosi tunapima uzito. Wakifika kilo 22, pumba zinapanda hadi gramu 490, na malisho yanapanda vivyo hivyo.