Mzee Alipozihesabu Sauti kwa Vidole

Wiki iliyopita, tulipokuwa tukikunja nguo huku redio ikipiga “Reach Out I'll Be There” ya kundi la Four Tops, binti yangu aliniuliza kwa nini kundi la wanaume wanne linasikika kana kwamba lina wanawake ndani yake. Nilimjibu kwamba anasikia vizuri: wale ni Andantes, akina dada watatu, Jackie Hicks, Marlene Barrow na Louvain Demps, ambao Motown, kampuni ya muziki ya Detroit, Marekani, iliwatumia kuitikia katika nyimbo zake nyingi zilizovuma bila kuandika majina yao kwenye majalada. Aliridhika, akaendelea kutafuta soksi zilizopotezana. Mimi ndiye niliyebaki na shuka mkononi, kwa sababu habari ya wanawake hao niliwahi kuulizwa Detroit, na aliyeniuliza alikuwa akilijua jibu kuliko mimi.

Ni mzee mmoja wa upande wa magharibi wa mji, mstaafu wa kiwanda cha magari, niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake. Kazi yenyewe ilikuwa hii: dawa, maji ya kuoga, supu, na theluji ya mlangoni ambayo haikuwamo kwenye mkataba. Kilichozifanya zamu zangu zipite upesi ni maneno yake kuhusu Four Tops. Hakuwa na subira na mtu yeyote aliyeanza kuwahesabia miaka kuanzia 1964, walipovuma na “Baby I Need Your Loving”. Kwake yeye, wakati huo walikuwa watu wazima waliokwisha kuchakaa kwa safari. Levi Stubbs na Abdul Fakir, ambaye wote walimwita Duke, walitoka shule ya Pershing; Renaldo Benson, yaani Obie, na Lawrence Payton walitoka Northern; wakaanza kuimba pamoja mapema katika miaka ya 1950 kwa jina la Four Aims. Walitoa santuri kwa kampuni ya Chess mwaka 1956, wakatoa nyingine kwa Columbia mwaka 1960, kisha kwa Riverside mwaka 1962, na hakuna hata moja iliyowatajirisha. Walichokula kilitokana na kumbi za usiku, ambako watu waliketi mezani na kusikiliza muziki huku wakikata nyama, na kwa muda waliimba Las Vegas pamoja na mwimbaji wa jazi Billy Eckstine. (Jina la Abdul Fakir lilinishtua mimi mtoto wa Tanga nilipoliona mara ya kwanza. Baba yake alihama kutoka Bengal, upande ambao leo ni Bangladesh, akawa mfanyakazi wa viwandani mlemle Detroit.)

Mwaka 1999 Motown ilitoa albamu iitwayo Breaking Through. Ilikuwa imerekodiwa mwaka 1963 na 1964, kundi lilipokuwa geni katika kampuni, na ilikusudiwa kutoka chini ya lebo yake ndogo ya jazi iliyoitwa Workshop. Katikati ya shughuli hiyo watunzi wa Motown, Brian Holland, Lamont Dozier na Eddie Holland, wakawapa ule wimbo uliowatoa, na kanda za jazi zikafungiwa kabatini kwa muda wa miaka 35. Mimi nilikuwa nimepata malipo ya zamu ya sikukuu, nikainunua sidii hiyo na kuipeleka kazini ndani ya mfuko wa koti, bila kumwambia mtu.

Mzee alikuwa mezani jikoni, na bakuli lake la supu lilikuwa mbele yake. Niliiweka sidii katika redio iliyokuwa juu ya friji, nikarudi kwenye masufuria kana kwamba sikufanya lolote. Zilianza tarumbeta, kwa ulaini, na baada yake zikaingia sauti nne kwa wakati mmoja, hakuna iliyotangulia na hakuna iliyoburutwa, zimesukwa kama ukili usioweza kuona ni jani gani limeanza. Mzee aliweka kijiko chini. Akautandaza mkono wa kulia juu ya kitambaa cha plastiki, akafumba macho, na akaanza kukibonyeza kidole kimojakimoja. Kidole cha mwisho kilikuwa Duke, sauti ya kwanza ya tenor, kule juu kabisa. Cha pete kilikuwa Lawrence, sauti ya pili ya tenor, na hapo alibonyeza kwa muda mrefu, kwa maana Lawrence ndiye aliyekuwa fundi wa kupanga sauti za wenzake na alikuwa amefariki mwezi Juni mwaka 1997, kabla albamu hii haijatoka. Kidole gumba kilikuwa Obie, besi. Kikabaki cha kati, kimeinuka hewani, kinatafuta.

“Levi yuko wapi?” aliuliza, na kabla sijafungua mdomo alijijibu mwenyewe: “Yumo ndani.” Kidole kikashuka. Yule Levi ambaye dunia nzima inamjua kwa kulia na kuomba, sauti yake ikiwa imetoka mbele ya kundi zima, hapa alikuwa ameketi katikati ya wenzake kama mtu mwingine yeyote. Ndipo mzee alipofumbua macho na kuniuliza, “Na wanawake wako wapi?” Nilisikiliza kwa makini ya mwanakwaya, nikamwambia siwasikii. “Hawamo,” alisema, kwa ushindi kana kwamba aliirekodi yeye. “Hao ni wao wenyewe, wanne.”

Tulisikiliza mpaka mwisho, na supu ikaganda. Nilitarajia alaumu, kwa kuwa mimi nilikuwa tayari na lawama zangu: kazi safi namna ile kufichwa mpaka aliyeipangia sauti afariki! Lakini mzee alifuta mdomo, akasema Berry Gordy, mwenye Motown, alifanya vema kuifungia. Nilidhani anatania. Akanieleza kwamba lau albamu ile ingeuzwa, wangebaki kuwaimbia watu wanaotafuna. Levi alikuwa baritoni, yaani sauti ya kiume ya kati, na Holland, Dozier na Holland walimtungia nyimbo katika kimo kilichomzidi, makusudi, ili asikike akihangaika kuufikia wimbo. “Bila kuumizwa koo,” alisema, “Levi angekuwa mtu mwenye sauti nzuri tu, na watu wa namna hiyo tulikuwa nao kila mtaa.” Kisha, kwa sauti ya amri, akaniambia niirudishe mwanzo.

Tangu hapo nimetafuta rekodi zao zisizosemwa sana, labda kwa nia ya kumpinga. Nina ile ya mwaka 1967 ya nyimbo za majukwaa ya Broadway, ambayo wapenzi wengi wa kundi huicheka, na sikubaliani nao kabisa, hata kama upangaji wake una sukari nyingi. Nina Still Waters Run Deep ya mwaka 1970, iliyosimamiwa na Frank Wilson, ambamo Levi hapigi kelele sana na wenzake wanasogea karibu naye. Nikiisikiliza usiku huwa naamini kwamba vijana wa kanda zile za 1963 wamerudi kwa mlango wa nyuma. Siku nyingine “Bernadette” inapigwa redioni, koo la Levi linapasuka pale baada ya kimya, na ninaona mzee alikuwa na haki yote.

Nilikuwa na hoja moja niliyoiona ya kumnyamazisha. Obie Benson ndiye aliyeanzisha wimbo “What's Going On”, akausuka pamoja na Al Cleveland, na akawapelekea wenzake, nao wakaukataa wakiuona ni wimbo wa maandamano. Mwimbaji Marvin Gaye akauchukua, ukatoka mwaka 1971, ukavuma sana. Nilimwuliza mzee: ikiwa wenyewe walishindwa kuitambua dhahabu iliyokuwa mikononi mwao, mwenye kampuni angeweza vipi kuwa na uhakika kuhusu zile kanda? Alinitazama kwa muda, akasema hilo ni jambo jingine kabisa, na akataka kujua kama ile supu ilikuwa na mpango wa kupashwa moto.