Siku yangu moja na panya waliovuja damu kichwani

Nyumbani Morogoro watu wakimuuliza mama mwanao anafanya kazi gani huko Uingereza anawajibu "yuko mambo ya hospitali", na simlaumu, maana ukianza kueleza inakuwa ndefu. Mimi natunza panya wa maabara. Na sio panya wa kula na kulala tu, hawa wanafanyiwa oparesheni ili damu ivuje kuzunguka ubongo, ule ugonjwa ambao mtu yuko mzima anachambua mchele, ghafla anashika kichwa anasema kinapasuka, na muda mfupi baadae hajitambui. Wakisikia hivyo watu wanagawanyika, kuna wanaodhani kazi yangu ni kufagia mavi ya panya basi, na kuna wanaodhani nalipwa kutesa viumbe. Basi nawaandikia Jumanne ya wiki iliyopita, ilivyokuwa.

Saa 11 alfajiri. Naamka, giza totoro, baridi ya kukata masikio, chai ya tangawizi kwenye chupa, basi la kwanza.

Saa 12 na nusu. Navua kila kitu nilichotoka nacho nyumbani, navaa nguo za ndani ya kituo, viatu vya ndani, kofia, glovu na barakoa. Barakoa sio kwa ajili ya panya peke yao, ni kwa ajili yangu pia, mkojo wa panya una protini inayoleta mzio, unaanza na mafua mwisho unaishia na pumu, na nimeshafanya kazi na watu wawili walioacha kwa sababu hiyo.

Saa 1 taa za vyumba zinawaka zenyewe, masaa 12 mwanga masaa 12 giza. Napita keji zote: maji, chakula, maranda, joto la chumba nyuzi 21, nani hajala, nani kakaa peke yake kwenye kona. Panya anaishi usiku, kwa hiyo asubuhi hiyo yeye ndio anaenda kulala, wamelaliana kwenye bomba la karatasi ngumu kama watoto kwenye godoro moja. Nawasalimia kwa Kiswahili, sijui kwanini ila nikiongea Kiingereza nao naona kama naongea na bosi.

Saa 2 kikao kifupi. Oparesheni tatu leo, na wale watatu wa jana wanapimwa wakitimiza masaa 24. Kila panya ana namba tu, hakuna kati yetu tunaoshika panya anayejua yupi kapewa dawa na yupi kapewa maji ya chumvi, siri iko kwenye bahasha kwa mtu wa ofisi nyingine. Hiyo ni makusudi, ukijua utaanza kumpendelea mwenye dawa hata bila kukusudia.

Saa 3. Hapa ngoja nieleze, maana ndipo watu wanapopotea. Kwa binadamu, damu ikivuja yenyewe bila mtu kugonga kichwa, mara nyingi sana kilichopasuka ni anyurizimu, yaani ukuta wa mshipa umechoka ukatokeza nje kama tyubu ya baiskeli inavyotokeza pale tairi lilipochanika. Panya hapati hiyo kirahisi. Kwa hiyo tangu 1995 kuna njia ya kupitisha uzi wa nailoni ndani ya mshipa mkubwa wa shingoni, unasukumwa taratibu mpaka unapokaribia milimita 20 unahisi umegota, pale mishipa inapogawanyika chini ya ubongo, kisha unasukumwa kidogo tena unatoboa. Kuna njia nyingine, unachota damu ya panya huyohuyo unaidunga nyuma ya kichwa, kiasi unakijua kabisa, ila hakuna kupasuka, na kupasuka ndio nusu ya ugonjwa wenyewe. Sisi tunatumia ya uzi.

Anayekata na kushona ni dada mmoja ana mikono ya fundi saa. Mimi niko kwenye kichwa cha panya: nusu kaputi, dawa ya maumivu inayotangulia kabla ya kisu, mafuta ya macho yasikauke, mkeka wa joto umshike nyuzi 37, na kuhesabu pumzi. Tunaongea sana mpaka uzi ufike. Uzi ukifika wote kimya. Unaangalia skrini, shinikizo ndani ya fuvu lilikuwa 5 hivi, dada anasukuma, na ule mstari unapanda kama mtu anakimbia ngazi, 20, 40, 60, sekunde chache tu, na mstari wa chini yake unaoonyesha damu inayofika kwenye ubongo unaanguka. Halafu panya anaacha kupumua. Nimeona mara mamia na bado moyo wangu unasimama pamoja naye. Tayari ana mrija kooni, naongeza hewa, nahesabu, nahesabu, na kifua kinanyanyuka chenyewe. Huyo alikuwa namba 34. Hivyo ndivyo mama yangu mdogo alivyoanguka nilipokuwa kidato cha tatu, ila yeye hakukuwa na mtu wa kumhesabia, watu walisema presha, wengine wakasema kuna mkono wa mtu, alipofikishwa Dar kwenye kipimo cha CT ilikuwa siku ya tatu.

Wa pili alikuwa wa kulinganishia, anapata nusu kaputi ile ile, kidonda kile kile, uzi unaingia unatoka bila kutoboa. Wa tatu alivuja sana hakurudi, dakika 15 tulihangaika. Huyo naye anaandikwa kwenye daftari. Kwa njia hii wanakufa wengi, tusidanganyane, na ukiwaficha waliokufa dawa yoyote itaonekana nzuri.

Saa 6 mchana napita kwa wale wa jana. Hapa ndipo siku ilipoharibika.

Namba 31. Kwanza niliona macho, kayafinya, pua imebonyea, masikio yamegeuka nje, ndio uso wa panya mwenye maumivu, ukishajifunza kuusoma huwezi kuusahau. Kuzunguka jicho la kushoto kuna alama nyekundu kama damu iliyokauka. Sio damu, ni rangi iliyo kwenye machozi yao, panya mzima anajipangusa mwenyewe siku nzima, ukiiona imebaki ujue ameacha kujipangusa, ameacha kujijali. Nikamgusa ndevu za kulia, hakugeuka. Za kushoto, akageuka kidogo. Nikamweka pembeni ya ukuta wa keji apande, akaegemea tu. Uzito umeshuka. Nikampa dawa ya maumivu tena, maji ya chumvi ya uvuguvugu chini ya ngozi, nikamwekea uji wa chakula chake puani kabisa, nikaandika alama na saa.

Sasa yule panya ni wa kijana mmoja wa PhD, simtaji, ni kijana mchapakazi na ana haraka ya kumaliza. Kipimo chake ni saa 9 alasiri. Nikamwita nikamwambia 31 yuko kwenye mstari, karatasi ya mradi inasema akipata alama hizi mara mbili ndani ya nusu saa anapumzishwa, yaani anauawa kwa sindano asiendelee kuteseka. Akaja, akamwangalia kama dakika moja hivi, akasema amelewa ile dawa tu. Nikamwambia dawa nimempa baada ya kupima sio kabla, angalia saa niliyoandika. Akasema basi tusubiri, masaa matatu tu, mimi nahitaji ubongo wa masaa 24, huu wa 21 nitaufanyia nini. Nikamwambia tutapima tena nusu saa kamili na wewe ushuhudie. Tukapima. Chini zaidi. Na safari hii mguu mmoja wa nyuma ulikuwa unatetemeka wenyewe. Akaanza oh nimpigie profesa, akapiga, haipokelewi, akapiga tena, akaandika meseji, akawa anatembea chumbani huku na huku, na mimi nimekaa nimemfunika panya kwa kiganja maana baridi humzidishia, na kila dakika inayopita naisikia.

Mwisho nikamwambia ndugu yangu, hili halihitaji simu. Sheria ya hapa ya wanyama wa utafiti ni ya 1986, mradi una laisensi yake, wewe una laisensi yako, na mimi jina langu limeandikwa kuwa ndiye nasimamia ustawi wa hivi viumbe, mstari umeshapita. Aidha ufanye wewe sasa hivi au nimwite daktari wa mifugo afanye na iandikwe kwamba ulikataa. Akaniangalia kwa hasira, akasema nyinyi hamuelewi sayansi.

Nyinyi. Nimelibeba hilo neno mpaka leo.

Alifanya, na alifanya vizuri, sindano moja, mimi nikiwa nimemshika. Saa 7 na dakika 20. Nikakaa na kiganja kifuani mpaka nikahakikisha.

Maana naielewa sayansi. Huu ugonjwa una dawa moja ya zamani, nimodipini, jaribio kubwa la hapa Uingereza la 1989 lilikuwa na wagonjwa 554, waliopata matokeo mabaya walikuwa 20% kwa waliokunywa dawa na 33% kwa wasiokunywa, na mpaka leo wagonjwa wanapewa miligramu 60 kila masaa 4 kwa siku 21. Baada ya hapo dawa kibao zilizofanya vizuri kwa panya zimekwama kwa watu. Magineziamu ilikwama. Simvastatini ilikwama. Klazosentani ilifungua kweli mishipa, ile inayobana siku kadhaa baada ya damu kuvuja, picha zikaonyesha, lakini kwenye majaribio makubwa ya mwanzo wagonjwa hawakupona kuzidi wengine. Ndio maana siku hizi wengi wanaangalia masaa 72 ya kwanza, sio kule kubana kwa mishipa siku za baadae peke yake. Na mimi nina la kwangu, miaka mingi walitumia panya dume, kijana, mwenye afya, wakati wanaougua zaidi ni wanawake wa makamo, wengi wana presha au wanavuta sigara. Halafu panya mwenye maumivu hali, hatembei, homoni zake zimevurugika, sasa hapo unapima damu iliyovuja au unapima maumivu? Yule kijana angepata ubongo wake wa masaa 24, ungekuwa ubongo wa mnyama aliyeteseka masaa matatu ya ziada.

Chakula cha mchana kilikuwa saa 8 na kitu, wali wa jana. Mama akapiga, kule ni saa 11 jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, mbona sauti hiyo? Umekula?"

Nikamwambia nimechoka tu, kuna panya mmoja kafa. Akanyamaza kidogo akauliza kama ni wale kama wa SUA, chuo cha kilimo cha kwetu, wanaonusa mabomu. Morogoro panya ni mtu mkubwa jamani, panya buku wanafundishwa pale kunusa mabomu na TB, na mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu 2020 kwa kazi ya Kambodia. Nikasema hapana mama, hawa ni wadogo, weupe, wanasaidia kwenye ule ugonjwa wa mama mdogo. Akasema, "Basi mwambie pole." Sikujua anamaanisha nimwambie nani, nikaitikia tu.

Alasiri imeniponyoka, sikumbuki saa. Tulipima wale wawili waliobaki, wametembea, mmoja kapanda ukuta wa keji mpaka juu akageuka kuniangalia. Ubongo wa 31 ulitolewa ukageuzwa chini juu, unagawanywa vipande 6, kila kimoja alama 0 mpaka 3 kwa damu iliyoganda. Ulikuwa mweusi karibu wote, 15 kati ya 18. Kijana aliandika namba hakusema kitu, na mimi sikusema. Nikaosha vyombo, nikajaza fomu, keji tatu nikabadilisha maranda, mgongo unauma. Kwenye daftari nikaandika 31 amepumzishwa saa ya 22 kwa kufikia kikomo, nikatia sahihi, naye akatia chini yangu.

Nyumbani niliingia nikalala na viatu.

Zamu ya usiku ilikuwa yangu, kwa hiyo saa 4 usiku nimo tena kwenye basi. Panya wa oparesheni anaangaliwa usiku pia, haijalishi mvua. Taa nyekundu hafifu, chumba kizima kinakwaruza na kutafuna, huo ndio mchana wao. Namba 34 alikuwa kajikunja kwenye karatasi alizojichania mwenyewe, nikasema "haya mama, amka tukuone", nikamgusa ndevu za kushoto akageuka, za kulia akageuka. Nikamsogezea uji kwenye kifuniko. Akanusa muda mrefu, akashika kwa mikono miwili, akala. Gramu 281. Nikaandika.