Siku moja gerejini Chikongola: fundi wa kutyuni injini

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko barabara ya Naliendele. Watu wanadhani fundi wa kutyuni, yaani wa kurekebisha injini itoe nguvu yake yote, anaamka saa nne, anavaa kofia nyuma mbele na kukanyaga mafuta mpaka mtaa mzima ukose usingizi. Mimi naamka mapema kwa sababu ya hewa. Jua la Mtwara likishapanda, hewa inakuwa nyepesi na vipimo vya jana na vya leo havilingani tena. Isitoshe, saa hizo barabara ni ya wauza mkaa wenye baiskeli tu, nao nikiwaona kwa mbali naachia mguu.

Sina daino, ile mashine ya kulifungia gari likimbie limesimama huku inapima nguvu. Nina kompyuta mpakato, sensa ya waidibendi ninayoichomeka kwenye bomba la moshi kupima uwiano wa hewa na petroli, na dogo anayekaa pembeni kusoma namba. Tunapima kwa gia ya pili peke yake. Ya tatu ikifika mizunguko 7,500 kwa dakika mwendo unakuwa wa kujitafutia kesi, au jeneza.

Asubuhi ilikuwa RunX yenye injini ya 2ZZ, ile inayobadilisha kamu (vile vinundu vinavyofungua valvu) mizunguko ikipita 6,000. Mwenyewe analalamika haibadilishi. Nikachomoa dipstiki: oili imeshuka chini ya alama, na ubadilishaji ule unaendeshwa na presha ya oili. Tukaongeza, ikabadilisha, akaondoka ameduwaa kwa udogo wa bili. Saa mbili chai na ming'oko, mizizi yetu ya kuchemsha. Saa tatu plagi za Noah, mkanda wa IST, na mzee mmoja aliyekuja kuuliza bei tu.

Saa nne akaingia njomba wa Altezza.

Nilimsikia kabla sijamwona. RS200, gia sita za mkono, rangi mpya, hela ya korosho bado inanukia kwenye viti. Hakusalimia vizuri. "Fundi, injini imechoka. Niwekee VTEC, na nataka itoe moto nyuma kama kwenye video."

Nikavuta pumzi. VTEC ni mfumo wa valvu wa Honda, njomba, na hii ni Toyota. Hii ni 3S-GE ya BEAMS, lita mbili, ina VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa kufungua valvu, kwenye kamshafti zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa. Kiwandani ilitoka na nguvu farasi 210 kwenye mizunguko 7,600, na torki ya Nm 216 kwenye 6,400. Hakuna cha kuiwekea. Tutafute kwanza zile farasi zimekwenda wapi.

"Sasa mbona Land Cruiser ya shemeji inaiacha hii mlimani Mikindani?"

Hapa ndipo siku yangu ilipoanza kuliwa. Nikamweleza kwamba torki ni msukumo, na nguvu ni msukumo huo pamoja na wingi wa mizunguko: zidisha Nm kwa mizunguko ya dakika, gawa kwa 9,549, unapata kilowati. Kwenye 7,600 torki ya injini hii imeshashuka hadi karibu Nm 194, lakini hapo ndipo nguvu inapofika kileleni, maana mizunguko imeongezeka kuliko torki ilivyopungua. Dizeli ya shemeji inatoa msukumo wake chini kabisa. Wewe unaendesha Altezza kwenye 2,000, gia ya tano, mkono mmoja dirishani, halafu unasema imechoka. Akaniambia nina maneno mengi.

Nikachomeka mashine ya kusomea. Hewa inayoingia kwenye injini, tukiwa kwenye mwendo: nyuzi 52. Nje siku hiyo zilikuwa 31. Alikuwa amefungiwa filta ya koni, wazi kabisa, imekaa pembeni ya injini inakunywa joto la rejeta. Tofauti hiyo peke yake inakunyima zaidi ya asilimia sita ya hewa, na injini isiyo na tabo, ile feni ya kusukumia hewa ndani, haina pengine pa kuifidia. Yaani jamaa alilipa ili apunguziwe nguvu. Nilipomwambia, alinitazama kama nimemtukania mama.

La pili lilikuwa baya zaidi. Kila nikikanyaga, kompyuta ya gari inarudisha nyuma moto wa plagi, yaani inachelewesha cheche, na nguvu inapungua. Sensa inasikia injini inagonga, petroli inajilipukia ovyo ndani ya silinda. Mgandamizo wa hii ni 11.5 kwa 1, inataka petroli ya okteni ya juu, isiyojilipukia ikibanwa, yeye kajaza wapi? Vidumu, njiani akitoka Tandahimba, kwa sababu sheli ilikuwa na foleni. Nikamimina kidogo kwenye chupa nyeupe. Harufu ya mafuta ya taa ilimfikia hata yeye.

Kumwaga tangi saa saba mchana chini ya bati, usiniulize. Jasho linaingia machoni, dogo kashika ndoo, mwenye gari kasimama juu yetu anauliza moto wa nyuma utawekwa lini. Nikamjibu nikiwa nimelala chini: ule moto ni petroli inayochomwa ndani ya bomba badala ya ndani ya silinda. Unaua katalisti, kile kichujio cha moshi, unachosha valvu za kutolea moshi, na haukuongezei hata farasi mmoja. Akanyamaza. Nikadhani ameelewa, kumbe alikuwa anamtafuta fundi mwingine kwenye simu.

Kisha ikabidi tupate boksi la filta la asili. "Liko nyumbani." Bodaboda ikaenda, ikarudi bila kitu, ikaenda tena na maelekezo. Lilikuwa uani, kuku analitagia. Tulilipangusa, tukatoa manyoya, tukaweka filta mpya na plagi za namba yake. Wateja wengine wawili waliokuwa wananisubiri walishaondoka, na mmoja wao ndiye aliyekuwa na hela taslimu.

Tulirudi barabarani jua limelala. Hewa ya kuingia ikasoma 34. Moto wa plagi haukurudi nyuma hata kidogo, na uwiano wa hewa na petroli ukatulia kwenye 12.8 mguu ukiwa chini kabisa, pale ninapoupenda kwa injini ya namna hii. Kutoka 4,000 hadi 7,500 tulipunguza nusu sekunde na ushee. Sikumtajia farasi, kwa sababu sijawapima. Ila dogo alicheka peke yake tulipopita 6,000, na huyo huwa hachekeshwi na magari.

Jamaa alilipa, baada ya kupunguziwa mara mbili. Mgongo ulikuwa haukunjuki. Nilikuwa naoga simu ikaita, yeye tena.

"Fundi, gari linakimbia kweli, nakupa haki yako. Ila njomba, ule mlio umekwisha, watu hawageuki. Ile koni siwezi kurudishiwa?"

Nikamwambia alete asubuhi. Kuifunga ni elfu ishirini, na safari hii hapunguziwi.